Namna ya Kumpokea Mmbea wa Saa Tisa Usiku

Sharti la kwanza ni kuwa macho. Ni sharti jepesi, maana mwenye sonona huamka mwenyewe, bila kengele na bila jogoo, wakati ambao hata mbwa wa mtaa wamechoka kubweka. Kwangu mimi ni saa tisa usiku. Daktari aliniambia kwamba kuamka mapema namna hiyo na usingizi ukakataa kurudi ni mojawapo ya dalili za ugonjwa. Mimi nilikuwa nimeshaihesabu kuwa ni ile tabia ya matajiri tunayohubiriwa redioni, ya kuamka kabla ya wenzako ili ufanikiwe.

Ukishakuwa macho, usifanye lolote. Mgeni anakuja mwenyewe. Habishi hodi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anaweka sawa msuli wake (wangu ni mwanamume, kwa taarifa ya wanaodhani umbea ni wa kina mama, ana sauti yangu hasa, ila kama yenye mafua), kisha anaanza kama wambea wote wanavyoanza: "Mimi sipendi kusema maneno ya watu, ila..."

Hapo ndipo anapoyasema. Kwamba juzi walimu wenzako walinyamaza ulipoingia ofisini. Kwamba kaka yako ameuona ujumbe wako, tiki mbili za bluu zile pale, na hajajibu tangu adhuhuri. Kwamba kidato cha tatu wanakuvumilia tu. Kwamba kwa umri wako huu baba yako alikuwa na nyumba mbili na ng'ombe. Halafu anafunga kikao: "Nakwambia kwa sababu nakupenda. Usinitaje."

Mwongozo huu ni wa namna ya kumpokea mtu huyo. Nimeuandika kwa uzoefu wa miaka minne, katika chumba kimoja cha kupanga Mbagala, na niseme mapema ili tusije tukadaiana: sijawahi kumfukuza. Mtu wa nyumba moja hafukuzwi, mnazoeana.

Hatua ya kwanza ni kujua kwamba una ugonjwa na ugonjwa una jina. Hili ni gumu kwa Kiswahili kuliko unavyodhani, kwa sababu lugha yetu imeficha maradhi ndani ya neno la kawaida. Mtu akisema fulani ana wazo, tunamsogezea kiti aseme. Akisema fulani ana mawazo, tunashika tama. Umoja wake ni mali, wingi wake ni ugonjwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuumwa miaka mitatu huku familia nzima inasema "ana mawazo tu," kama mtu mwenye vumbi kwenye viatu. Jina ni sonona. Madaktari hawaliandiki kwa huzuni ya siku mbili za kufungwa kwa Simba au Yanga; wanataka walau wiki mbili, karibu kila siku, za moyo mzito au kukosa hamu ya vile vilivyokuwa vikikufurahisha, pamoja na wenzake wengine: usingizi kuharibika, chakula kutoshuka au kushuka kupita kiasi, mwili kuishiwa nguvu, akili kushindwa kutulia, kujiona huna thamani.

Ukishalipata jina, jiandae kwa tiba ya taifa. Tiba ya taifa ni neno moja: usiwaze.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Unawaza?"

"Siwazi, shangazi."

"Nasikia kwenye sauti. Usiwaze, baba."

Shangazi yangu ananipenda na namheshimu, lakini dawa yake ilishajaribiwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo waseme kwa dakika tano kila linalowapitia kichwani, isipokuwa wasimfikirie dubu mweupe. Akipita, mtu apige kengele. Kengele zililia. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajia kwa wingi kuliko alivyowajia wale ambao tangu mwanzo hawakukatazwa. Mnyama huyu hajawahi kukanyaga Mbagala, lakini tangu niisome habari hiyo ninaye wangu. Anakaa nyuma ya mmbea, anangoja zamu.

Ukishashindwa kutowaza, utaelekezwa kwenye kioo. Mhamasishaji fulani alisema redioni kwamba kila asubuhi usimame mbele ya kioo ujitazame machoni na useme: mimi ni mshindi, mimi ni wa thamani. Nilisimama. Nikasema. Mmbea alikuwa ameshika taulo nyuma yangu, akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mshindi wa nini?" akauliza, na lilikuwa swali la haki. Kumbe mwaka 2009, huko Kanada, Joanne Wood na wenzake waliwapa watu sentensi ya kujisifu namna hiyo waikariri. Wenye kujithamini iliwaongezea kidogo. Wale ambao tayari walijiona duni iliwashusha zaidi. Sentensi usiyoiamini ni kama mgombea asiyejulikana kijijini: akipanda tu jukwaani, maswali yanaanza kutoka nyuma.

Hatua ya pili niliiandika siku ambayo sikuweza kutoka kitandani. Ina neno moja, "acha". Nimeiacha.

Hatua ya tatu nilipewa na muuguzi wa kliniki ya afya ya akili, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Siku ya kwanza aliniuliza, "Hujambo, mwalimu?" Nikajibu sijambo, mama. Akaitazama ile foleni ndefu nje, akanitazama mimi. "Sasa kama hujambo, umefuata nini hapa?"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, halafu nikalia, jambo ambalo sikulipanga. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mtaani kwenu mtu akikujia na habari kwamba jirani kaiba kuku, unamuuliza nini?"

"Nani kasema."

"Na lipi tena?"

"Kama aliona mwenyewe."

"Na asipokuwa ameona?"

"Basi, huo ni umbea."

"Haya," akasema, akaandika kitu kwenye faili. "Nenda ukafanye hivyohivyo na huyo wa kichwani. Mbona yeye unampa kiti, na habari za kuku wote unamwamini?"

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mama yule alikuwa amenipa, kwa Kiswahili cha kibarazani, kitu kilichoanzia Philadelphia. Miaka ya 1960 daktari wa akili Aaron Beck, aliyesomea ile shule ya kumlaza mgonjwa kwenye kochi aseme chochote, aligundua kwamba chini ya maneno waliyomwambia wagonjwa wake kulikuwa na mazungumzo mengine, ya harakaharaka, ambayo hawakuyataja kwa sababu waliyaona ni ya kawaida kama kupumua. Mawazo yanayojileta yenyewe. Wenye sonona aliwakuta na habari zilezile tatu: mimi sifai, dunia hii haifai, kesho haitafaa. Hakuna ya nne. Nilipolisoma hilo nilimwonea mmbea wangu huruma kidogo, maana kwa kelele zote zile ana hadithi tatu tu, anazibadilisha nguo.

Sasa vifaa. Daftari la kawaida la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, linatosha. Na jedwali lenyewe litakufaa, kwa sababu saa tisa usiku ni vizuri kuwa na jambo moja mnalokubaliana, kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Chora safu. Ya kwanza: kilichotokea. Ya pili: alichosema mmbea. Ya tatu: unakiamini kwa asilimia ngapi. Kisha ushahidi wake, ushahidi wako, sentensi nyingine inayoweza kuwa ya kweli, na asilimia mpya.

Nakupa ukurasa wangu wa kwanza kama ulivyo. Kilichotokea: kaka hajajibu. Alichosema mmbea: amekuchoka, na si yeye peke yake. Naamini: asilimia 95. Ushahidi wa mmbea: tiki mbili za bluu. Ushahidi wangu: wiki hiyohiyo kaka alinitumia elfu ishirini ya luku bila kuombwa, anaendesha lori la Tunduma na usukani una mikono miwili, mimi mwenyewe mwezi uliopita niliusoma ujumbe wake nikakaa nao siku nne, na sikuwa nimemchoka, nilikuwa nimelala. Sentensi nyingine: kaka hajajibu tangu adhuhuri. Naamini: asilimia 60.

Wenzangu wa hesabu mtasema sitini bado ni nyingi. Ni nyingi kweli. Lakini toa sitini kwenye tisini na tano, unabaki na thelathini na tano, na thelathini na tano zilininunulia usingizi wa dakika arobaini kabla ya adhana. Asubuhi kaka akajibu: "Mambo dogo, bando liliisha." Katika safu zangu zote hakuna aliyekuwa amefikiria bando.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipopata silaha yangu. Sikiliza sarufi ya mmbea. Jumatatu moja nilisahau kwenda na madaftari ya kidato cha pili. Kwa Kiswahili cha watu wazima tunasema nilisahau: -li-, wakati uliopita, jambo lilitokea likaisha. Mmbea akilishika usiku analirudisha likiwa na hu-. Wewe husahau. Hu- ni kiambishi kitamu sana, hakina siku wala tarehe, hakiulizwi kilianza lini. Ndiyo maana methali zinakipenda. Ikifika saa kumi hata hu- imemchosha. Anakivua kitenzi nguo zake zote, anakivika m- ya ngeli ya kwanza, na wewe si mtu aliyesahau tena, wewe ni msahaulifu. Kutoka Jumatatu moja hadi kwenye ngeli ya watu ni mwendo wa saa moja, kwa miguu. Na ukishakuwa nomino, ndugu yangu, kutoka huko ni shughuli.

Kwa hiyo mrudishe kwenye -li-. Usimbishie kwamba wewe si msahaulifu, atakuletea mashahidi tangu chekechea. Muulize tu: lini? Siku gani? Madaftari mangapi? Yalikuwa arobaini na mawili. Nilikwenda nayo Jumanne. Mmbea anachukia tarehe kama mdaiwa.

Akiona umembana huko nyuma, atarukia mbele, kwenye -ta-. Watakufukuza. Utazeeka peke yako. Hapo ujue amebadilisha kazi, si mmbea tena bali mpiga ramli, na mpiga ramli angalau hulipwa kuku. Au atarudi nyuma kwa njia ya vichochoro: ungalisoma udaktari usingalikuwa hapa. Darasani tunafundisha kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado lina mlango, na -ngali- ni ya lile ambalo wakati wake umepita. Wanafunzi wangu huzichanganya mwaka mzima mpaka kwenye mtihani wa taifa. Mmbea hajawahi kuzikosea hata mara moja. Ndiye mwanafunzi wangu bora, na sijui nimpe zawadi gani.

Kuna na "ila". Sisi watu wa huku tukiulizwa habari tunasema nzuri kwanza, hata kama ndani kuna maiti: "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa." Wageni hutushangaa. Mwenye sonona ameigeuza salamu hiyo. Mkuu wa shule alinisifu mbele ya wenzangu kwa matokeo, na kabla sijaketi mmbea alikuwa ameshatia ila yake: anakuhurumia. Sifa inaingia mlango wa mbele, ila inaitoa mlango wa uani. Dawa yake ni kuandika ile sifa kwenye daftari neno kwa neno, bila nukta ya kuongezea. Inauma kama kuoga maji ya baridi. Iandike hivyohivyo.

Siku nyingine daftari halifunguki. Mkono hautaki. Siku hizo usibishane, osha sahani moja. Madaktari wana maelezo marefu ya kwa nini mtu mwenye sonona aanze kutenda kwanza na hamu imfuate nyuma, badala ya kungoja hamu ambayo haina nauli. Mimi ninayo sahani. Angalizo: isizidi moja. Niliwahi kuosha mbili nikapata kiburi, nikaamua nifue na mapazia, nikaishia kukaa juu ya ndoo hadi magharibi.

Vidonge navyo nilipewa. Daktari alinieleza kwamba vingechukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwelewa. Siku ya tatu nilitaka kuvirudisha kama redio mbovu. Mdomo ulikauka siku ya kwanza; nafuu ilikuja mwezi wa pili, kimya kimya, sikuiona ikiingia. Nilichoona ni kwamba nilikuwa nimemaliza kula wali wote. Na ukitaka kuviacha, mwambie aliyekupa. Usiache ghafla kwa ushauri wa jirani ambaye shemeji yake aliacha.

Hapa naiweka chini kalamu ya kejeli. Kuna usiku ambao mmbea haleti habari za tiki za bluu. Anakuambia ni afadhali usiwepo. Huo si umbea wa kuuliza nani kasema. Usitafute daftari, usikae peke yako na hilo neno, na usimwombe mtu radhi kwa kumwamsha. Gonga mlango, piga simu, fika hospitali iliyo karibu, usiku huohuo.

Mimi niligonga kwa mama mwenye nyumba, saa kumi kasoro. Sikuwa na la kusema zaidi ya shikamoo. "Marahaba, mwalimu," akasema, akanitazama, wala hakuuliza kuna nini. Akatoa kigoda, akawasha jiko, tukanywa chai ya rangi yenye tangawizi huku akinieleza bei ya mkaa, na bei ya mkaa ya mwaka jana, na binti yake wa Kigoma aliyeolewa na mtu mvivu. Sikumsikiliza hata nusu. Kulipopambazuka akafunga kilemba, tukapanda bajaji hadi kliniki, akakaa na mimi kwenye foleni na kugombana na mtu aliyetaka kutupita.

Nilipomsimulia muuguzi, akasema, "Huyo anastahili benchi la Harare." Sikumwelewa mpaka nilipotafuta. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na vyumba, hakuwa na wauguzi wa ziada, alikuwa na bibi 14 wa mtaa wa Mbare waliokuwa wakijitolea. Aliwafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kushughulikia, wakakaa naye kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti. Hawakulitumia lile jina la kitabuni la ugonjwa. Walisema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi; wao nao wameficha maradhi mahali tulipoficha sisi. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za utafiti wa watu 573: miezi sita baadaye, waliokaa na wahudumu wa benchi walikuwa na dalili chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa Kishona benchi lile linaitwa chigaro chekupanamazano. Mswahili hahitaji kamusi kubwa: kupana ni kupana, kupeana, mazano ni mashauri. Nikakumbuka kwamba hata kwetu mtu akiwa na mawazo anaumwa, lakini wakikaa wawili tunasema wanabadilishana mawazo, na hatuwaonei huruma kabisa. Mzigo uleule, wamepokezana tu.

Wiki iliyopita alikuja tena, saa tisa kamili. Akaweka sawa msuli. "Mimi sipendi kusema maneno ya watu, ila..." Nikamuuliza lini. Akasema kila siku. Nikamwambia hilo si jibu, nitajie tarehe. Akavuta pumzi, akaanza upande mwingine: ungalikuwa umesikiliza ushauri wa baba yako, leo hii ungali...

"Mwalimu!" Mama mwenye nyumba, uani. "Umeamka? Maji yametoka!"

Nilimwacha palepale kitandani, katikati ya -ngali-, nikatoka na ndoo mbili. Nilijaza moja na nusu, maji yakakatika.